Chungu cha Mama Mkwe Katika Tanuri Langu

Sipendi kulisimulia hili, na hata sasa nikikutana na akina mama wa kanisa letu sokoni Meru mjini hujifanya nasoma simu, lakini kwa kuwa mmeniuliza mbona siku hizi nafungua tanuri langu peke yangu, nitaeleza.

Kwa miaka kadhaa nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu na video, ufinyanzi wa Kijapani, ule wa kuchoma udongo maalumu kwa kuni siku mbili mfululizo mpaka uwe mgumu kama jiwe, na majivu yenyewe yayeyuke juu yake kama kioo. Wazungu waliujifunza huko Japani wakaupeleka kwao, nami nikaupata kutoka kwao nikiwa hapa Kibirichia, katikati ya viazi. (Daftari langu lina kila kitu: kuni, saa, aina ya udongo.)

Basi binti yangu Kendi akajifungua. Kwa mama mkwe wangu, uji wa kwanza wa kumpongeza mzazi hupikwa katika chungu kimoja tu, alichoachiwa na mama yake, na chungu hicho kilikuwa kimeanza kuvuja. Nikamwambia, "Mama, niachie. Nikikichoma upya hakitavuja tena." Kusema kweli, nilitaka anisifu. Nilijua kwamba chungu cha kawaida hakihimili moto wangu, nilikuwa nimeliandika hilo daftarini kwa mkono wangu mwenyewe, lakini nikawaza kwamba kilichokaa mafigani miaka yote hiyo kimeshazoea moto, na rafu ya juu ilikuwa na nafasi. Sikujaribu kwanza hata kigae cha chungu kingine.

Siku ya kufungua nikaalika watu. Mama mkwe akaja na wenzake wa kanisani, unga wa wimbi ukiwa tayari kikapuni, akaketi mbele. Nikawa natoa matofali ya mlango huku nikiwaeleza habari za Japani, na wao wakaona kabla yangu (walikuwa wanatazama ndani, mimi nilikuwa nawatazama wao).

Chungu kilikuwa kimeyeyuka. Kilikuwa kimelala juu ya rafu, cheusi, kinang'aa, na kimetiririkia bakuli zangu za chai kikazigandisha pamoja.

"Baba Kendi," jirani yangu Kirimi akasema, "hiyo sasa ni chapati."

Mama mmoja akacheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Mama mkwe akauliza polepole, "Changu ni kipi?"

Nikaonyesha kwa kidole.

"Kitoe."

Nikakibandua kwa patasi, kikatoka na bakuli mbili zilizogandamana nacho. Akavifunga vyote pamoja kwa leso yake, akavipakata, akaondoka. Uji wa Kendi ulipikwa kwa sufuria. Nililetewa kikombe changu kama wengine.

Ukurasa ule wa daftari ungali pale, kwa mwandiko wangu, bila kosa hata moja. Nimeapa kwamba kitu cha mtu mwingine hakitaingia tena katika tanuri langu, hata mwenyewe akinisihi. Mpaka leo hakuna aliyenisihi.