Blanketi Lilipohamia Begani kwa Baba

Juzi binti yangu alilaza rula juu ya vifutio viwili, akaweka betri juu yake, karibu na kifutio kimoja. "Ikikaa kwenye robo ya njia," akaniambia, "hiki cha karibu kinabeba robo tatu ya uzito wake."

Nikanusa tena mikaratusi ya mteremko wa Nyabiyonza, kama siku ile ya utotoni mwangu. Mama alikuwa na uchungu wa kujifungua, amelala ndani ya blanketi lililoning'inia katikati ya mti mrefu, tukimpeleka zahanati. Baba mdogo alibeba mbele, baba nyuma. Mimi nilifuata na chupa ya chai, nikisikiliza mti ukilia kila hatua.

Goti la baba mdogo lilikuwa bovu. Mteremkoni akayumba, mama akapiga kelele.

"Tua," baba akasema. Akayasogeza mafundo yote mawili ya blanketi hadi karibu na bega lake.

"Kaka, utaumia."

"Inua, twende."

Nilidhani baba anaogopa tu, anataka mama awe karibu naye. Lakini baba mdogo hakuyumba tena. Jioni, kichanga kilipolia ndani ya zahanati, baba alikaa kwenye nyasi, bega limechubuka, akicheka peke yake.

Hesabu ya binti yangu ni sahihi. Ila mimi nilikuwa nyuma yao, nikamsikia baba njia nzima akimnong'oneza mama, "Mpora, mpora," polepole, polepole. Blanketi lingebaki katikati, mama asingemsikia.