Ipo, Kaa Kidogo

Kariakoo huambiwi "hakuna". Ukiuliza kitu ambacho mwenye duka hana, atakwambia, "Ipo, kaa kidogo," atakusogezea kigoda, kisha atapenya mlango wa nyuma akakichukue kwa jirani. Ukishalipa, jirani anapewa chake, mwenye duka anabaki na kidogo. Wengi tusio na mtaji tuliishi hivyo.

Mume wangu hilo lilimshinda. Miaka ya uhaba alikuwa muuzaji wa duka la ushirika kule Ilala, na kazi yenyewe ilikuwa kusema hakuna. Hakuna sukari, hakuna sabuni, rudi wiki ijayo. Watu walimwamkia njia nzima. Biashara zilipofunguliwa duka lile likafa, tukauza cherehani yangu, tukapanga fremu ya duka upande wa Gerezani na kuanza kuuza vyombo. Bidhaa zilikuwa zimejaa mjini kuliko wanunuzi. Mimi ndiye niliyekimbia mlango wa nyuma kutwa, miguu ikivimba. Yeye alikaa wima nyuma ya meza, akingoja kuamkiwa. Mazoea yana taabu.

Kodi yetu ilimtegemea mteja mmoja, mama mtu mzima kutoka Songea, aliyekuja kila baada ya mavuno kuchukua mzigo wa duka lake. Asiponunua kwetu, fremu inaondoka. Mwaka ule alichelewa, nami nilikuwa nimechoka hata kuomba Mungu.

Asubuhi moja narudi kutoka soko la Feri na samaki wangu, jirani yetu, Mchaga mwenye duka kubwa la vyombo, akaniita.

"Jirani, niletee chupa za chai. Zote ulizonazo."

Nikafurahi kijinga. Nikapita nyuma, nikabeba katoni kichwani hadi dukani kwake. Kwenye kigoda, soda mkononi, amekaa mama wa Songea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilianzia kwenu. Niliulizia mabeseni, mzee wako akaniambia hakuna. Nikajua mambo yamewawia magumu, sikutaka kuwaaibisha kwa kuuliza mengine."

Mabeseni yalikuwa yamepangwa hapo hapo kwa jirani, yamepandana hadi darini. Jirani akajifanya anafuta vikombe. Biashara haigombi; nikatua katoni, nikapokea bei aliyotaka yeye, nikaondoka.

Nilifika kwetu nimejaa hasira.

"Baba watoto, kwa nini ulimwambia hakuna?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani yalikuwepo?"

Nilimchukia siku nzima, na jioni nikamkaangia samaki.

Mwezi uliofuata tulirudisha fremu. Tunafunga mizigo, dada mmoja akasimama mlangoni akiulizia sufuria kubwa, ambazo hatukuwa nazo. Mume wangu aliinuka upesi, akapangusa kigoda kwa kiganja.

"Ipo," akamwambia. "Kaa kidogo."

Kisha akanigeukia, akingoja nitoke. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa.

"Hakuna, dada," nikasema.