Mlango Alioung'oa Mama Mianda

Mlango wa chumba cha ushauri katika kituo chetu cha afya, hapa mtaa wa Manika, Kolwezi, umeegemea ukuta nyuma ya choo na kuku wanalala juu yake. Daktari Tharcisse, mkuu wetu, ameamuru urudishwe. Aliyeung'oa ni Mama Mianda, mshauri wetu wa magonjwa ya akili, na aliyemshikia tochi na bisibisi ni mimi, Mado, muuguzi wa kituo hicho hicho. Daktari akitaka kutufukuza, atufukuze sote. Lakini kwanza nieleze jambo lenyewe, maana mjini linasimuliwa ovyo ovyo.

Mianda ni mtoto wa Manika. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, mama yake akazaliwa hapa, naye akazaliwa hapa. Kazi yake aliisomea Lubumbashi, na cheti chake kipo. Bado wapo wanaosema anazurura na wagonjwa kwa sababu hajui kazi, na maneno hayo yananichoma. Kulikuwa na karani mstaafu ambaye hakuweza kutamka neno akitazamwa usoni. Mianda alimfuata nyumbani, akakaa naye huku mzee akipiga pasi mashati yake, na kabla shati la mwisho halijakunjwa mzee alikuwa amelitaja jina la mwanawe aliyekufa. Kulikuwa na mama wa sokoni aliyeona haya kuonekana kituoni. Huyo walimenya naye karanga kwenye meza yake, wakiongea kichinichini kati ya wateja.

"Kila mutu anafungukaka mahali pake," Mianda huniambia. "Kama unamulazimisha afungukie pako, atakuambia bongo, uongo mutupu."

Daktari hakupenda. Alirudi kutoka seminani na sheria mpya: ushauri ni ofisini, mgonjwa kwenye kiti, mlango umefungwa, na anayekosa miadi mara kwa mara anafutwa orodhani. Akabandika karatasi mlangoni: Gonga kabla ya kuingia.

Ndipo akaja Mukalay. Alikuwa mchimbaji wa mashimo, mmoja wa wale wanaoshuka na kamba na nyundo kutafuta kobalti. Tangu shimo lao lilipoporomoka wakati wa mvua hakulala vizuri wala kuongea sana. Jambo lililowashangaza watu ni hili: kila alasiri, mke wake Jémima akianza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, Mukalay alitoka nyumbani na kutembea hadi giza liingie. Kaka yake mkubwa, Tata Kisimba, akatangaza kwamba mke amemtilia kitu chakulani, ndiyo maana mume anakikimbia chakula chake. Familia ikakaa, ikaamua. Hospitali ikishindwa kufikia Jumapili, Mukalay atapelekwa kwenye nyumba ya maombi nje ya mji, mahali wagonjwa wanapofungwa mnyororo mguuni mpaka pepo atoke. Nimewahi kumsafisha kidonda mtu aliyetoka huko. Mnyororo ulikuwa umekula hadi mfupa. Mimi ni Mkristo na ninasali, lakini ule sitauita sala hata nikikatwa kichwa.

Mukalay alikuja kwenye miadi yake, nilimwona kwa macho yangu. Alisimama mbele ya ule mlango, akainua ngumi, akaishusha, akaondoka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Daktari akamfuta.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema.

Jémima alikuwa kwenye benchi akilia, akisikia kila kitu. Mianda akamtolea Daktari uvivu pale pale.

"Docteur, huyu mutu alifika. Ni siye tulimuacha inje."

"Sheria ni sheria, Mama Mianda."

"Basi mi naenda kule inje."

Na akaenda. Alasiri ile alimsubiri Mukalay kwenye kona ya nyumba yake, na alipotoka akaungana naye. Hakumuuliza kitu. Walitembea tu, mwanamume mbele kidogo, Mianda na kandambili zake nyuma kidogo, vumbi la malori ya madini likiwashukia wote. Kesho yake tena. Kusema kweli hata mimi niliona anapoteza muda. Jumapili ilikuwa inakaribia, na mwenzangu alikuwa matembezini.

Lakini Mianda alikuwa kazini. Aliona kwamba Mukalay alivuka barabara kabla ya kumfikia fundi anayenyoosha sufuria kwa nyundo. Aliona kwamba kwenye nyumba inayojengwa, seremala alipoanza kupigilia misumari, Mukalay aligeuka na kurudi walikotoka. Alinijia jioni miguu imevimba.

"Mado, ule mutu hakimbie bibi yake. Anakimbia kugonga."

Nikakumbuka kinu cha Jémima. Kisha nikakumbuka ile karatasi mlangoni, na hasira ikanipanda hadi masikioni.

Siku iliyofuata alimuuliza swali moja tu: "Nani alikuwa anagonga?"

Mukalay akaketi ukingoni mwa barabara, akasema. Shimo likifunika watu, aliye hai chini hugonga mwamba kwa chuma ili walio juu wajue. Walio juu nao hugonga, maana yake tumekusikia, tunakuja. Mukalay alivutwa akatolewa. Rafiki yake Kalombo alibaki ndani, na akagonga. Mukalay alimsikia. Aliinama aokote jiwe ajibu, lakini walinzi wa mgodi walikuwa wanawafukuza watu, wenzake wakamburuta akiwa na jiwe mkononi.

"Sikumujibu, mama," alisema. "Anagonga mpaka leo."

Mianda alirudi kituoni, akaomba bisibisi. Nikamshikia tochi. Mlango ulikuwa mzito, tukaubeba wawili, na mahali pake tukatundika kitambaa.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa uani kwa Mukalay kabla ya Kisimba. Alikuja na wajomba wawili na kamba mpya. Mianda alisimama mbele yake.

"Docteur mwenyewe alimukatala," Kisimba akasema. "We ni nani?"

"Ni mi namutunza. Kama unataka kufunga mutu, anzia kwangu, tata."

Jémima akaleta kinu katikati ya ua. Walikuwa wamepatana hivyo tangu asubuhi, wao watatu, na Mukalay ndiye aliyekubali wa mwisho. Mchi ulipogonga mara ya kwanza Mukalay akageuka, akaelekea njiani. Kisimba akaanza kukunjua kamba. Nilitaka kumkamata Mukalay, Mianda akanizuia kwa mkono.

"Mukalay," alimwita, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Anagonga. Utamujibu?"

Akasimama. Nilimwogopea jinsi alivyosimama. Kisha akarudi, akauchukua mchi mikononi mwa mkewe. Kwetu mwanamume hatwangi sombe mbele ya watu, na mjomba mmoja akacheka. Nikamwambia anyamaze, la sivyo nitamnyamazisha.

Mukalay akagonga. Akagonga tena, kwa nguvu, hadi majani yakaruka kifuani mwake.

"Kalombo, nilikusikia!" alilia. "Nilikusikia, ndugu yangu. Balinikokota. Sikukuacha, balinikokota."

Akaendelea kugonga na kulia. Majirani walipolisikia lile jina, mama mmoja akaanzisha kilio cha msiba, wengine wakaitika, kwa sababu Kalombo hakuwahi kuliliwa. Maiti haikuonekana, basi watu walidhani hakuna cha kulilia. Kisimba alikaa kwenye kiti na kuufunika uso wake.

Je, Mukalay amepona? Mianda atakuwa wa kwanza kusema bado. Kwa fundi wa sufuria hapiti mpaka leo, na usingizi wake ni wa kukatika. Lakini huja kituoni, husema hodi, na kuingia kwa kusogeza kitambaa. Kwa hiyo mlango haurudi, Daktari aandike ripoti anavyotaka.

Ile sombe ilikuwa imetwangwa mpaka ikawa maji. Jémima aliipika hivyo hivyo, akaiweka mezani na bukari, ugali wetu. Mukalay akanawa mikono, akala chakula cha mke wake mbele ya wote. Kisimba naye akala, kamba ikiwa chini ya kiti chake. Aliondoka akaisahau. Sasa Jémima huianikia nguo, na Kisimba hajathubutu kuidai.