Pembe Iliyolia Mwilini Mwangu

Walioniponza ni wawili: nyuki na mjomba wangu. Nyuki nimemsamehe.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kijijini kwetu Mhezi. Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, ililia asubuhi, tukatoka wote kusafisha mfereji. Mjomba ndiye msimamizi: sisi tunachimba, yeye kakalia kiti chake. Nyuki akanidunga shingoni. Wiki mbili nyuma nilidungwa vilevile, nikajikuna, yakaisha. Safari hii midomo ilivimba, koo likaanza kuziba.

"Mjomba, nakufa."

"Kufa mfereji ukiisha. Jamani, huyu kala uvivu asubuhi, sasa umemvimba usoni!"

Wakacheka. Nami ningecheka, pumzi ndiyo haikuwepo.

Mke wangu akatokea na chungu cha makande. Aliponiona akakibwaga chini.

"Hata shikamoo hakuna?" mjomba akalalamika.

"Shikamoo nitakuletea kesho. Leo inuka, nataka kiti!"

Wanaume wanne wakanibeba juu ya kiti hichohicho hadi zahanati, hapo chini tu. Dresa, mganga msaidizi wa hapo, akasikia habari za nyuki wote wawili, akanichoma sindano ya paja. Jasho la wabebaji halijakauka, nikavuta pumzi.

Mjomba alikuwa ametufuata akidai kiti chake. Akauliza, "Umechoma paja, koo limejuaje?"

"Mzee," dresa akasema, "pembe yako huingia majumbani ikabeba majembe?"

"Aa, inalia tu. Mwenye jembe anakuja, mwenye chungu anapika, mlinzi wa bwawa anafunga maji."

"Basi. Mwili ni vijumba vidogo visivyohesabika, kila kimoja kina masikio yake ukutani, kwa nje. Dawa inapita na damu, inagusa sikio linaloifaa, hata ndani haiingii. Wa ndani wanajua kazi yao: moyo unakaza mwendo, njia ya pumzi inalegea. Yule nyuki wa kwanza aliwaachia walinzi wa mwili alama ya sumu yake. Leo sumu imewagusa tena, wakapiga pembe yao, mwili mzima ukatoka msaragambo pasipo na mfereji."

Mjomba akanitazama kwa uchungu. "Kumbe masikio anayo tele! Mbona nikimwita mimi hasikii?"

Hapo nilicheka kwa sauti, na sauti ikapita kooni bila kukwama. Mke wangu akalia machozi.

Mjomba sijamsamehe hadi leo. Kiti chake ndicho nimekalia nikiandika haya.