Niliipokea Simu ya Jirani Nikajibu Amehama

Kosa nililifanya mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimesimama sebuleni kwangu na akili zangu timamu. Mtu asiniambie eti shetani alinipitia. Shetani hakuwepo siku hiyo, nilikuwa peke yangu na hasira zangu.

Jina langu silitaji. Na majina nitakayotumia si ya kweli, kwa sababu mji wetu wa Eldoret bado ni mdogo na watu wa mtaa wetu wa Kapsoya wananijua hata kwa kikohozi. Wewe nisikilize tu, kisha unihukumu. Nimezoea.

Mambo haya yalitokea mwanzoni mwa miaka ya themanini. Simu ya nyumbani wakati huo haikuwa mchezo. Watu walijaza fomu wakiwa wachumba, laini ikaja watoto wakiwa shule. Sisi tuliipata mapema kwa sababu mume wangu alikuwa na lori la kubeba mahindi na alijuana na watu. Niliiweka kwenye meza ndogo chini ya picha ya Rais, nikaifunika kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe. Ungeniona nikiipanguza vumbi!

Jirani yangu, nitamwita Mama Jerop, alikuwa mjane. Alifuga kuku wa mayai, na wateja wake walikuwa hoteli za mjini. Tulikuwa marafiki wa kuazimana chumvi na sufuria, na kila Alhamisi tulienda pamoja kwenye umoja wa akina mama kanisani. Siku moja akaniomba tuvute waya kutoka kwenye simu yangu mpaka nyumbani kwake, ili laini moja itumike na nyumba mbili. Nilikubali hata kabla hajamaliza kusema.

Fundi wa simu alikuja Jumamosi bila yunifomu, unajua mambo hayo yalivyofanywa. Akapitisha waya juu ya ua wa miiba, akamwekea Mama Jerop simu yake. Alituambia laini moja haiwezi kuliza kengele mbili vizuri, kwa hivyo kengele ya Mama Jerop akaikata. Simu ingelia kwangu tu. Ikiwa ni ya Mama Jerop, mimi nitoke nje nigonge mara mbili ringi kuukuu la gari tulilolining'iniza uani, yeye ainue simu kule kwake, kisha mimi niweke yangu chini.

Hapo kwenye kuweka chini ndipo palipokuwa na shida. Hakuna kitu kilichomlazimisha mtu kuweka chini. Miaka ile watu waliogopa kutaja siasa kwenye simu, wakisema serikali inasikiliza. Mimi sikuwa na siasa. Aliyenisikiliza mimi alikuwa mtu wa ng'ambo ya ua.

Binti yangu wa kwanza, Wambui, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni kule Kaptagat. Siku moja mwalimu mkuu alinipigia. Aliongea polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Wambui alikuwa na mimba ya miezi minne, niende nimchukue. Nikiwa bado nimeshika simu nikasikia mlio mdogo, na sauti ya mwalimu ikafifia kidogo. Nilijua maana yake. Mama Jerop ameinua simu kwake. Nilingoja aweke chini. Hakuweka!

Sikumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia, kwa sababu alikuwa safarini na mahindi. Nilitaka arudi, ale, apumzike, ndipo nimweleze. Alhamisi ikafika kabla yake.

Sasa sikia alichofanya Mama Jerop. Wakati wa maombi alisimama, Biblia kifuani, akasema ana ombi. Akasema tumwombee binti wa mmoja wetu humu ndani, aliye shule kule Kaptagat, amepata shida na anarudishwa nyumbani. Hakutaja jina. Jamani, ni akina mama wangapi mle ndani walikuwa na binti Kaptagat? Vichwa vyote viligeukia kwangu, kisha vikainama. Wakaniombea nikiwa nimekaa pale pale, kwa sauti, wengine wakitoa machozi. Mtu akisengenywa anaweza kugombana. Akiombewa atafanya nini? Nilisema amina pamoja nao.

Mume wangu alizipata habari kwa mke wa dereva mwenzake kabla hajafika nyumbani. Aliniuliza kwa nini yeye ni wa mwisho kujua mambo ya nyumba yake, na baada ya hapo hakunisemesha kwa siku nne. Hasira zote hizo nikammwagia Wambui. Nilimpeleka kwa shangazi yake kule kijijini Chepsaita akajifungulie huko, na wakati wa kumwacha nilimwambia asithubutu kunipigia simu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alisimama mlangoni mwa jikoni ya shangazi yake akiwa na sweta ya shule.

Niliporudi nilimwendea Mama Jerop kwenye banda la kuku. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu kama alisikiliza simu yangu.

"Mama Wambui, niliinua nipigie daktari wa mifugo," akasema. "Nikasikia mtoto ako na shida, nikashindwa kuweka chini. Na sikusema jina. Niliomba tu maombi."

Alisema hivyo huku akiokota mayai. Hakuona kosa lake liko wapi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angesema tu kwamba amenikosea, labda leo nisingekuwa nikiandika haya.

Utadhani nilikata ule waya. Mkasi nilikuwa nao, tena mkali, maana nilishona nguo. Sikuukata! Nilikaa karibu na simu nikafikiri, nikagundua kwamba mwanamke huyu amenipa shingo yake niishike. Kila aliyemtafuta ilibidi apitie kwangu.

Basi nikaanza. Meneja wa hoteli moja alipopiga kuagiza trei za mayai, nilimwambia kuku wote wamekufa na ugonjwa. Alisikitika, akaniomba nimpe Mama Jerop pole. Hoteli ya pili ilipopiga nikarudia yale yale. Kaka yake alipopiga kutoka Kitale kusema anakuja Jumapili, nilimwambia dada yake amesema asije, ana wageni wa maana.

Na nilikuwa na raha, ndugu msomaji, nisikudanganye. Nilifua nguo nikiimba nyimbo za kanisa. Baada ya wiki chache Mama Jerop alikuja na trei mbili, akasema wateja wamenyamaza tu hajui kwa nini, na mayai yataharibika, afadhali watoto wangu wale. Niliyapokea kwa mikono miwili. Niliyakaanga na vitunguu, na sijawahi kula mayai matamu kama yale!

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Mama Jerop alikuwa akienda Chepsaita. Kila alipopata nafasi alimpelekea Wambui maziwa na nguo za mtoto, na shangazi mtu akanificha. Ni Mama Jerop aliyemwambia kwamba uchungu ukianza, mtu apige simu amuulizie yeye. Wambui hangeweza kuniulizia mimi. Nilikuwa nimemkataza.

Ilikuwa Jumanne saa sita mchana. Nilikuwa nachambua maharagwe simu ikalia. Mwanamke akajitambulisha kuwa ni nesi wa kliniki fulani upande wa Turbo, akamuulizia Mama Jerop. Kupitia dirishani nilimwona Mama Jerop mwenyewe akiwamwagia kuku chakula, hatua kama thelathini kutoka pale niliposimama.

Nikasema hayuko.

Nesi akaeleza kwamba kuna mgonjwa anamwita sana. Hali yake si nzuri, anatakiwa apelekwe hospitali kubwa mjini, na kliniki haina gari. Mimi nikafikiri ni jamaa yake, labda mmoja wa wale ndugu zake wengi. Moyo wangu ulifurahi. Ni aibu kusema, lakini ulifurahi! Nikajiambia leo na yeye ataonja kuwa wa mwisho kujua mambo ya watu wake.

"Huyo mama alihama," nikamwambia. "Hii namba si yake tena."

"Na hakuna mtu wa huyu mgonjwa hapo, hata mmoja?"

"Hakuna."

Nikaweka chini, nikarudi kwa maharagwe yangu. Sikuuliza jina la mgonjwa. Kuuliza jina tu, kitu cha sekunde moja! Na nje, mbele ya nyumba, lori letu lilikuwa limeegeshwa, mume wangu yuko chini yake anapaka grisi.

Shangazi yake Wambui siku hiyo alikuwa ameenda mazishini Molo. Uchungu ulipoanza, majirani walimfikisha Wambui kliniki kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Wambui alingoja gari pale mpaka jioni, lori la kukusanya maziwa lilipopita likambeba. Mtoto alikuwa wa kiume, na alifika hospitali akiwa ameshakufa. Daktari aliniambia angewahishwa kwa saa tatu tu wangemtoa mzima.

Habari zilinifikia kesho yake asubuhi. Nilikimbia hospitali na thamosi ya uji, nikimlaumu shangazi njia nzima, nikimlaumu kila mtu. Bado sikuwa nimeunganisha mambo. Niliamini mgonjwa wa jana alikuwa mtu mwingine! Nilimkuta Wambui ameangalia ukuta. Mama Jerop alikuwa amenitangulia, ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amemshika miguu. Aliponiona alinyanyuka akasogea dirishani.

Nilimmiminia mtoto wangu uji. Hakuutazama.

"Nesi aliniambia mwenye alishika simu amesema sina mtu," Wambui akasema, bado ameangalia ukuta. "Nikamuuliza hiyo sauti ilikuwa aje. Alitaka kupiga tena, nikamwambia awachane nayo. Nikamwambia huyo ni mamangu, amekataa."

Nilitaka kumwambia sikujua ni yeye. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini ningesema nini? Kwamba nilidhani anayekufa ni mtoto wa mtu mwingine?

Uji ulipoa mikononi mwangu. Mama Jerop pale dirishani alikuwa akinitazama, na nikaona usoni mwake jinsi anavyopanga mambo moja moja, hoteli, kaka yake, kimya cha miezi ile yote. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Mume wangu alitoka kumwona Wambui, akaukata waya jioni hiyo kwa koleo, akaukunja, akautupa juu ya ua. Hakuniuliza swali hata moja, wala tangu siku hiyo hajawahi kuniuliza.

Na Alhamisi ikafika. Nilikwenda, kwa sababu nisipokwenda wangejua. Mama Jerop akasimama na Biblia yake vilevile. Safari hii alinitaja jina. Alieleza yote bila kuongeza chumvi, mayai, Kitale, nesi, kisha akaomba Mungu anisamehe mimi dada yake. Wakaniombea tena! Mpaka leo sijui kama alikuwa akiniombea au akinichapa. Nilivyomfahamu, nadhani alifanya yote mawili, na aliyafanya vizuri.

Wambui alipotoka hospitali alipitiliza langoni kwangu akaingia kwa Mama Jerop. Alikaa huko miezi saba. Nilikuwa nikimwona juu ya ua akianika nguo, naye alinisalimu kama mtu anavyomsalimu mke wa chifu. Sasa yuko Nakuru, ameolewa, ana watoto wawili. Majina yao nimeyajua kwa Mama Jerop, ambaye huniambia habari hizo langoni bila mimi kumuuliza, tena taratibu, ili ziniingie vizuri.

Unataka kujua kama nimemsamehe Mama Jerop? Sijamsamehe. Nimejaribu. Nikimwona akirudi kutoka stendi na kikapu cha zawadi za Wambui kutoka Nakuru, kuna kitu ndani yangu kinachotafuta waya mwingine wa kushika. Makosa yangu nimeyakiri yote hapa, lakini hicho bado sijakiweza.

Watu hunifariji wakisema ningeuliza jina tu, haya yasingetokea. Ni kweli. Ningeuliza jina, lori lingewashwa, mjukuu wangu angekuwa hai leo. Na mimi ningebaki mwanamke yule yule aliyekuwa tayari kumwacha mgonjwa wa mwenzake afe, ila tu hakuna ambaye angejua.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya, na una mtu unayemlipiza polepole, ukificha barua yake, ukimnyima ujumbe, ukimfungia mlango ambao ufunguo wake uko kwako, mwache leo hii. Usimwache kwa sababu ni mwema. Wangu hakuwa mwema kiasi hicho. Mwache kwa sababu hujui ni nani wako anayepitia kwake.