Kiti, Mzinga na Mashine Isiyofunguliwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa redio nzima nikaambiwa ni mbovu. Ilikuwa Majengo, Nyeri, katika chumba cha mabati kilichotazamana na msikiti. Aliyenipa alikuwa Fundi Mkuu, mzee mfupi aliyevaa miwani mbili kwa pamoja, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Niliifungua redio ile. Nikachomoa valvu, zile taa za kioo zilizokuwa zikikuza sauti kabla ya transista kuja, nikazipangusa na kuzirudisha. Nikalehemu waya ambao haukuwa umekatika. Adhuhuri nikamwambia nimeshindwa. Aliiwasha, ikaimba.

"Nani alikwambia ni mbovu?" akaniuliza.

"Ni wewe, mzee."

"Na ukaniamini."

"Wewe ndiye mkubwa hapa."

"Hapa mkubwa ni shaka. Mtu akikuletea redio akasema imekufa, mshuku yeye kwanza. Halafu shuku plagi. Halafu fyuzi. Ukimaliza hao wote, ndipo ushike bisibisi."

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya ufundi sasa, wakati kitu kikiharibika kinatupwa. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi, na yote niliyoyajua baadaye yalitokana na maneno hayo. Nimeshuku vitu vingi maishani. Nimewashuku na watu, wengine bila sababu.

Jambo la pili nililofunzwa Majengo lilihusu vyombo vya Amerika. Wamishonari na walimu wa kujitolea walikuja navyo, na walipoondoka waliwaachia watu. Umeme wa Amerika una nguvu ndogo kuliko wetu, kwa hiyo mtu alinunua transfoma, kile kisanduku kizito cha kupunguza nguvu, akadhani amemaliza.

"Hajamaliza," Fundi Mkuu alituambia. "Transfoma inapunguza nguvu. Haibadilishi mapigo. Wao umeme wao unapiga sitini kwa sekunde, wetu hamsini. Redio haijali. Lakini kitu cha kuzunguka kitazunguka polepole."

Dawa yake ilikuwa puli, yaani kigurudumu kidogo cha shaba kilicho kwenye mota, ambacho huvuta mkanda wa kuzungusha sahani ya santuri. Kwa umeme wetu puli inatakiwa iwe nene kidogo. Kubadilisha ni kazi ya skrubu moja.

Kutoka Nyeri nilikwenda Nanyuki, nikaajiriwa na Meneja wa hoteli moja ya wageni kutunza vipaza sauti na mashine ya muziki. Meneja alikuwa mtu mpole ambaye hakuamini kwamba muziki una ufundi. "Muziki ukilia, wageni watasikia. Ukinyamaza, watalala," alikuwa akisema. Hapo ndipo nilipokutana na roki ndefu. Wenyewe waliuita progresivu roki. Ni muziki ambao wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa santuri, kinanda kikatangulia, mwimbaji akanyamaza mpaka ukadhani ameenda nyumbani, na ngoma zikabadilisha hesabu katikati ya safari. Mgeni mmoja aliacha santuri ya namna hiyo chumbani. Hakuirudia, na Meneja akanipa. Jalada lake lilikuwa na picha ya mzinga wa nyuki wenye madirisha na mapazia. Jina lake la Kiingereza sitaliandika kwa sababu hatukulitumia. Tuliiita Mzinga.

Mwenye santuri ya pili alikuwa Sajini Wafula, mtu wa Bungoma aliyeletwa Nanyuki na kazi ya polisi akazeekea hapo. Mimi nilimwita Afande hata baada ya kustaafu kwake, naye aliniita Fundi. Mwalimu mmoja Mmarekani alikuwa amemwachia mashine ya santuri yenye kifuniko cha mbao, pamoja na santuri ambayo jalada lake lilikuwa na kiti kimesimama katikati ya ziwa. Hiyo ndiyo Kiti.

Kwa miaka mingi, hata nilipohamia kazi ya Timau, kwenye mashamba ya maua, ambako Injinia Mkuu aliniweka kwenye pampu na majokofu, Jumapili zangu zilikwenda kwa swali moja: kati ya Kiti na Mzinga, ni ipi santuri kubwa kuliko zote za roki ndefu zilizowahi kutengenezwa? Mwamuzi wetu alikuwa Hajji, mfanyabiashara wa mifugo. Alikunywa chai kwangu, akanywa na kwa Afande, akataka kuhukumu kwa usawa. Kwa hiyo sote wawili tulimshuku.

"Mzinga iko na akili," nilikuwa nikisema. "Ngoma zinapiga hesabu ya saba, si nne kama za wengine, na hawapotei hata mara moja."

"Akili ni ya nini?" Afande alijibu. "Mimi nikisikia Kiti nahisi mzigo. Sikiliza huyo mwimbaji. Huyo ni mtu amezika watu. Na hizo ngoma, ni kama watu wamebeba jeneza wakipanda mlima."

"Huyo mwimbaji namshuku. Koo la mtu halishuki hivyo. Anaimbia ndani ya pipa."

"Wivu tu, Fundi. Hajji, si ni wivu?"

"Mimi nimesikia mbuzi wawili wazuri," Hajji alisema. "Sijaambiwa bei, siwezi kuchagua."

Nilishuku zaidi ya koo. Kiti haikutoka nyumbani mwa Afande. Nilimwomba niicheze kwenye mashine yangu ya santuri, nayo ya Amerika, akasema sindano ya watu inakwaruza. Nilimwomba aicheze Mzinga kwenye mashine yake, akasema ile mashine imezoea sahani moja. Ikianza kucheza alifunga kifuniko, akaweka juu yake kitambaa kilichoshonwa na mkewe, kwa hiyo sikuiona ikizunguka. Na haikufunguliwa kamwe. Mimi, ambaye Nanyuki nzima waliniletea vyombo vyao, sikuruhusiwa kuweka bisibisi kwenye mashine ya rafiki yangu.

Siku moja niliona transfoma nyuma ya kabati, nikakumbuka Majengo.

"Afande, puli ulibadilisha?"

Alinitazama kama nilivyodhani aliwatazama wezi wa ng'ombe.

"Puli ilibadilishwa. Na fundi wa Nairobi. Unataka nilete shahidi?"

Sikuuliza tena. Ilikuwa taarifa ya polisi.

Alipoanza kuumwa kifua, tulikuwa tumestaafu sote. Jumapili moja alisema mbele ya Hajji, "Sikilizeni. Mmoja wetu akitangulia, aliyebaki asimame siku ya ukumbusho, aseme mbele ya watu ni santuri ipi iliyo kubwa. Aseme ukweli."

"Unafikiri nitakuhurumia kwa sababu umekufa," nilimwambia.

"Nani amesema ni mimi nitatangulia? Hapana, wewe huna huruma. Ndiyo maana nataka iwe wewe."

Alitangulia yeye. Sitaandika mengi juu ya hilo. Jumapili zilikuja na sikujua mahali pa kwenda.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mkewe, Mama Nekesa, alinipigia simu. "Shemeji, mashine ya mzee imekataa. Nataka hiyo Kiti yake ilie siku ya ukumbusho. Wewe njoo uifungue, sasa hakuna wa kukukataza."

Nilipofika, binti yake Nekesa alikuwa ameupata muziki wenyewe kwenye simu. Jalada lilikuwa lile lile, kiti katikati ya maji. Aliuwasha. Ngoma zilikimbia, na mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuzika mtu yeyote.

"Huyo si yeye," Mama Nekesa akasema. "Huyo ni kijana. Wa baba yako alikuwa mzee."

"Mama, ni huyo huyo. Soma hapa."

Kwanza niliishuku simu. Halafu nikachukua bisibisi.

Ndani, mkanda ulikuwa umeoza, ukaniganda vidoleni kama lami. Huo ndio uliokuwa ugonjwa, na tiba yake ilikuwa mkanda mpya. Lakini puli iliyokuwa kwenye mota ilikuwa imechongwa nambari sitini. Puli ya Amerika. Na kwenye kona ya sanduku, kimebanwa kwa utepe wa umeme, kulikuwa na kikopo cha rangi ya viatu, nyeusi ya polisi. Nilikifungua. Puli ya hamsini ilikuwa humo, imefungwa katika kipande cha kaki, na ilikuwa na alama nyeusi ya mkanda. Ilikuwa imewahi kufanya kazi.

Nilimwonyesha Mama Nekesa. Alicheka kidogo, akakigeuza kikopo mkononi, kisha akacheka tena.

"Huyo fundi wa Nairobi alikuja kweli," alisema. "Alipomaliza, mzee akaiwasha, akaisikiliza akiwa amesimama hapo mlangoni. Akasema, ati wamenibadilishia mtu. Kesho yake akakaa chini na bisibisi mwenyewe, akarudisha ile ya zamani. Akaniambia, Fundi asijue. Akijua ataandika ripoti."

Kwa hiyo hakunidanganya. Puli ilibadilishwa. Hakusema tu kwamba ilirudishwa. Nimefanya kazi na watu wengi wakubwa kwa vyeo, na sijaona mwingine aliyeweza kusema kweli kwa ujanja wa namna hiyo.

Niliweka mkanda mpya na ile puli ya hamsini, nikaicheza Kiti kama wenyewe walivyoitengeneza. Ni kazi safi. Ngoma ziko mahali pake, kinanda kinang'aa. Mzinga inaishinda, na haishindi kwa kidogo. Nilikuwa nimeshinda ubishi wa miaka yote ile, nikiwa nimekaa sakafuni kwa marehemu na bisibisi mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Halafu nikarudisha ile ya sitini. Mzee yule akarudi. Wabeba jeneza wakarudi, wakaanza kupanda mlima wao. Mama Nekesa aliacha kuosha vikombe.

"Utasema ipi, shemeji?" akaniuliza.

"Nitasema ukweli."

"Najua. Ndiyo nauliza."

Siku ya ukumbusho, baada ya sala, nilisimama chini ya hema. Hajji alikuwa mbele, kofia yake magotini. Niliwaambia watu wote habari ya puli, bila kuficha, na wengi hawakuelewa kwa nini mzee analeta habari za mota penye sala. Nikasema kwamba Kiti iliyotoka kiwandani ni ya pili, na Mzinga ni ya kwanza. Nikasema kwamba Kiti ya Afande, iliyocheza nyumbani humu tu, inazishinda zote mbili, na kwamba alinichezea rafu.

"Hiyo si santuri moja?" mtu wa kanisani akauliza.

Hajji alijibu bila kusimama. "Nikinunua ng'ombe Isiolo akiwa mifupa, nikamlisha hapa Nanyuki mpaka akanona, siku ya soko nauza ng'ombe yupi? Nauza aliyenona." Akanigeukia. "Fundi, leo umehukumu. Mimi sasa nitakunywa chai kwa nani?"

Ndipo nikaicheza. Mama Nekesa alikuwa ameniomba niache puli ya sitini mahali pake, nami nikarudisha kikopo kwenye kona yake, nikakibana kwa utepe mpya. Kifuniko nilikifunga mwenyewe, nikaweka kitambaa.

Nimeulizwa na vijana ni nini kilicho muhimu katika kazi hii, nami bado nawaambia washuku. Shuku plagi, shuku fyuzi, shuku mteja, mshuku na rafiki. Siku hizi wanaleta vyombo vyenye gundi badala ya skrubu, na kushuku kumekuwa kugumu kwa sababu huwezi kutazama ndani. Lakini siwaambii tena kwamba kila kosa ni la kurekebishwa. Hilo Fundi Mkuu hakunifunza, na sijui kama angekubali.

Wiki iliyofuata ukumbusho niliketi nyumbani nikaicheza Mzinga. Ilienda vizuri, hesabu ya saba, bila kupotea. Nikaisimamisha. Nikafungua mashine yangu na kutazama puli kwa miwani, nikiigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilitamani kukuta kosa.

Ilikuwa ya hamsini. Nikakaza skrubu, nikafunga.