Mzee Aliyeshika Kompyuta Umeme Ulipokatika

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, Moshi mjini, mchana kweupe. Wenzangu mizimu huwafuata usiku. Wangu alikuja mvua inanyesha, akajipangusa miguu mlangoni kama mtu mwenye adabu zake.

Nilikuwa mpiga chapa kwenye kaduka ka intaneti. Programu yetu ya kuandikia ilikuwa ya kunakiliwa bila leseni, ikagoma. Mimi na mdomo wangu nikamwambia bosi, Mama Aika, kwamba nitaunda nyingine mwenyewe, kutoka kwenye msimbo mbichi, ile mistari ya maagizo ya kompyuta, ambao hata watengenezaji wake walikuwa bado wanauhangaikia. Mara mbili kompyuta ikaupika mchana kutwa ili uwe programu. Mara mbili umeme ukakatika kabla haujaiva.

“Leo jioni isipofunguka,” Mama Aika akasema, “panda zako kwenu Uru ukachume kahawa.”

Nikauweka upikwe mara ya tatu. Ndipo akaingia mzee mwenye koti kuukuu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Hilo tu lingetosha kunitoa mbio, sivyo? Akavuta kiti, akaweka kiganja juu ya kompyuta, akatulia kutazama mistari ikipita.

Umeme ukakatika. Mtaa mzima kimya, na betri yetu ya akiba ilishakufa zamani. Niamini: kioo cha kompyuta yangu hakikuzimika! Mistari iliendelea kupita, Mama Aika ameganda mlangoni na rozari mkononi. Niliogopa sana, lakini ningekimbilia wapi, kwenye kahawa?

Ikaiva. Ikafunguka, ukurasa mweupe.

“Usionje kwanza, mjukuu wangu,” mzee akasema. “Cha kwanza ni cha nani?”

Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kwanza humwagwa chini kwa waliotangulia.

“Ni cha wazee,” nikajibu.

“Basi niandike.”

Jina alilonitajia ni la babu yangu, aliyezikwa kihambani, kwenye migomba ya kwetu, kabla sijazaliwa. Ndilo nililorithi. Nikaliandika, nikahifadhi. Kuinua macho, kiti kitupu, sakafuni maji ya mvua, na kompyuta ikazimika.

Umeme uliporudi niliiwasha. Programu ipo! Nilipiga vigelegele, mwanamume mzima, Mama Aika akanipokea. Kahawa hakuitaja tena.

Programu ile ninayo mpaka leo. Kila ukurasa mpya unafunguka na jina la babu juu. Zamani nililifuta, likarudi. Siku hizi naliacha, najivunia.

Basi nawe unayeunda chako, akiingia mzee asiyeitikia shikamoo, usikimbie wala usichomoe waya. Mpe cha kwanza.